Je, "Se" ya Kifaransa ni "Ji" ya Kiswahili?

Karani wa ghala mjini Kigoma atakaye kumwarifu mfanyabiashara wa Bujumbura kwamba amekosea hesabu ya magunia, hana budi aandike hivi kwa Kifaransa: "Je me suis trompé." Maana yake ni "Nimekosea". Endapo ataandika "Je vous ai trompé", atakuwa amekiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba amemdanganya mteja. Kitenzi kilichotumika ni kile kile, "tromper". Kinachotenga kosa la bahati mbaya na udanganyifu ni kijineno "me", pamoja na kitenzi kisaidizi kinachoandamana nacho.

Vitenzi vinavyotumiwa kwa namna hii, ambavyo katika makala haya tutaviita vitenzi vya kujirejea, ni vingi mno katika Kifaransa. Ni shida mtu kutaja jina lake, kueleza aliamka saa ngapi, au kusema shule yake iko wapi, bila ya kukutana navyo. Wala haja ya kuvijua si ya darasani tu. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Barua, hati za mizigo na mikataba inayovuka mipaka hiyo mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa.

Katika shule zetu Kifaransa aghalabu huanzwa baada ya Kiingereza, na sarufi yake huelezwa kwa kupitia Kiingereza. Mwalimu atakaye kuirahisisha kazi huongeza kwa Kiswahili kwamba "se" ni sawa na "ji", kisha huendelea na somo. Fasiri hiyo ni kweli kwa sehemu ndogo tu, na sehemu iliyobaki huzaa makosa yanayomfuata mwanafunzi hadi chuo kikuu. Hata hivyo, kosa si la Kiswahili. Kikitumiwa chote, si kiambishi kimoja tu, Kiswahili ni kiongozi bora wa vitenzi hivi kuliko Kiingereza, na hilo ndilo tutakalojaribu kulionyesha.

Umbo na mahali pake

Tuanze na umbo, ambalo ni jepesi. Katika Kiswahili kiambishi -ji- hakibadiliki: ninajitazama, unajitazama, anajitazama, tunajitazama, mnajitazama, wanajitazama. Katika Kifaransa kijineno hufuata nafsi ya mtenda: "je me regarde, tu te regardes, il se regarde, nous nous regardons, vous vous regardez, ils se regardent". Ni nafsi ya tatu pekee yenye neno maalumu, yaani "se". Katika nafsi nyingine Kifaransa hutumia maneno yale yale yanayotumika mtu mwingine anapotendwa: "il me regarde" ni "ananitazama", na "je me regarde" ni "ninajitazama". Kiswahili hakikubali mtu aseme "ninanitazama".

Kuna sababu ya tofauti hiyo. "Me" haiwezi kumwelekea mtu mwingine ila yule anayesema, kwa hiyo hapana utata wa kuondoa. Lakini tukisema kwamba Juma anamtazama mtu, yawezekana mtu huyo ni Juma mwenyewe au ni mwingine, na hapo ndipo Kifaransa kinapohitaji kutofautisha "il le regarde" na "il se regarde". Kifaransa kilirithi utaratibu huo kutoka Kilatini. Lugha za Kibantu zilichagua njia nyingine: wasemao Kinyarwanda na Kirundi hutumia -i-, Wazulu hutumia -zi-, nao wasemao Kilingala hutumia -mi-, na katika lugha zote hizo kiambishi ni kimoja kwa nafsi zote.

Kutokana na mazoea hayo huzuka kosa ambalo kila mwalimu wa Kifaransa amelisahihisha mara nyingi: "Je vais se laver." Mwanafunzi amelikuta neno "se laver" katika kamusi, akalichukua zima zima, kama ambavyo angelichukua neno "kujitazama" na kusema "nitajitazama". Sharti iwe "je vais me laver". Dawa ya kosa hili ni mwalimu kukataa tangu wiki ya kwanza kuandika "se laver" peke yake ubaoni. Na aandike "je me lave" na "je vais me laver" pamoja, ili "se" ionekane kuwa mavazi ya kamusi tu.

Kuhusu mahali, lugha hizi mbili zinakaribiana kuliko inavyodhaniwa. Katika "anajitazama" kiambishi -ji- kimekaa mbele ya mzizi, mahali pale pale panapokaliwa na -ni-, -ku- na -m-. Katika "il se regarde" kijineno kimekaa vile vile mbele ya kitenzi, na hata kikanushi hakikiondoi: "il ne se regarde pas", "hajitazami". Ni katika kuamrisha tu ambapo Kifaransa hukihamishia nyuma na kukibadili sura: "regarde-toi!" Mwanafunzi asishangae sana, kwani Kiswahili nacho kina mabadiliko yake mahali hapo, twasema "tazama!" lakini "jitazame!"

Kuhesabu washiriki

Sasa tufike kwenye maana, ambako ndiko kwenye kazi. Mwanaisimu Mfaransa Lucien Tesnière, aliyefariki mwaka 1954, aliacha kitabu kikubwa cha sarufi kilichochapishwa mwaka 1959. Humo alikifananisha kitenzi na atomu. Wasomaji waliosoma kemia wanajua kwamba kila atomu ina valensi, yaani uwezo wa kushikana na idadi fulani ya atomu nyingine. Tesnière alisema kitenzi nacho kina valensi: hushika idadi fulani ya washiriki. "Kulala" hushika mshiriki mmoja, yule alalaye. "Kufungua" hushika wawili, mfunguaji na kifunguliwacho. "Kupa" hushika watatu: mtoaji, kitolewacho na mpokeaji.

Valensi ya kitenzi yaweza kuongezwa au kupunguzwa, na kila lugha ina vyombo vyake vya kufanyia hivyo. Tesnière alionyesha kwamba "se" ya Kifaransa ni chombo cha kupunguza. Kitenzi chenye washiriki wawili kikipewa "se", hubaki na mmoja. Chenye watatu hubaki na wawili. Neno hilo halisemi zaidi ya hapo. Halituelezi yule mshiriki wa pili amekwenda wapi: kama ameungana na wa kwanza, kama wawili hao wanatendana kwa zamu, au kama mtenda amefutwa kabisa na hatumtaji. Msikilizaji huyatambua hayo kutokana na habari yenyewe.

Kiswahili husema wazi, nacho kina zaidi ya chombo kimoja. Mshiriki wa pili akiwa ndiye yule yule wa kwanza, twatumia -ji-: "anajificha", "il se cache". Wakiwa wawili wanaotendana, twatumia kauli ya kutendana: "wanapigana", "ils se battent", "tutaonana kesho", "on se voit demain". Mtenda akifutwa, twatumia kauli ya kutendeka: "mlango umefunguka", "la porte s'est ouverte", "jambo hili linaeleweka", "cela se comprend". Na tukisema habari ya desturi, twatumia hu- pamoja na kauli ya kutendwa: "Kifaransa huzungumzwa Burundi", "le français se parle au Burundi".

Ndiyo maana sentensi "ils s'aiment" ina mashaka kwa Mfaransa, ilhali Mswahili hana mashaka baina ya "wanapendana" na "wanajipenda". Mfaransa akitaka kuondoa mashaka huongeza "l'un l'autre", yaani kila mmoja kwa mwenzake, au "eux-mêmes", yaani wao wenyewe. Charles Sacleux, padre Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo na ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutolewa Paris mwaka 1939, alikuwa na tatizo letu lililogeuzwa: alilazimika kuvifasiri vitenzi vyetu vya -ika, vya -ana na vya -ji- kwa lugha yenye "se" moja tu.

Kauli ya kutendeka yastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ulinganifu wake na Kifaransa ni mkubwa ajabu. Twaweza kusema "mlango umefunguliwa na Juma", lakini hatuwezi kusema "mlango umefunguka na Juma". Mfaransa naye husema "la porte a été ouverte par Juma", na hakubali "la porte s'est ouverte par Juma". Lugha mbili zisizo na undugu zimefikia katazo moja: mtenda akishafutwa, haruhusiwi kurudishwa kwa mlango wa nyuma. Kiingereza hakimpi mwanafunzi msaada wowote hapa, kwa kuwa hutumia kitenzi kile kile, bila ya alama, kwa afunguaye na kwa kifungukacho.

Kadhalika katika habari ya viungo vya mwili. Mtu akianguka na kuumia, twasema "amevunjika mguu". Hatusemi "amevunja mguu wake", labda kama alikusudia. Mfaransa husema "il s'est cassé la jambe", na kama sisi hataji kwamba mguu ni wake, kwani utakuwa wa nani? "Nimenawa mikono" ni "je me suis lavé les mains". Mwanafunzi aliyepitia Kiingereza huleta neno la kumiliki na kuandika "il a cassé sa jambe". Angaliianzia sentensi yake katika Kiswahili, asingepotea.

Mmoja huongeza, mwingine hupunguza

Hata hivyo, vitenzi vya kwanza kabisa ambavyo mwanafunzi hukutana navyo havina -ji-, wala -ana, wala -ika. "Il se lave" ni "anaoga". "Il se réveille" ni "anaamka". "Il s'assied" ni "anaketi", "il se couche" ni "analala", "il se promène" ni "anatembea", "il s'arrête" ni "anasimama". Mwalimu aliyekwisha kufundisha kwamba "se" ni "ji" hulazimika hapa kusema kwamba haya ni mambo ya kukariri.

Si mambo ya kukariri. Tazama vitenzi hivi viwili viwili: oga na ogesha, amka na amsha, keti na ketisha, lala na laza, tembea na tembeza, simama na simamisha. Kiswahili huanza na kitenzi cha mshiriki mmoja, na kikitaka wawili huongeza kauli ya kutendesha. Kifaransa huanza upande wa pili: "réveiller" ni kuamsha, "coucher" ni kulaza, "asseoir" ni kuketisha, "promener" ni kutembeza, "arrêter" ni kusimamisha. Kikitaka mshiriki mmoja, hupunguza kwa "se". Mahali tuongezapo sisi, wao hupunguza, na pande zote mbili hufika kwenye jozi zile zile.

Kutokana na hayo twapata kanuni ya kufanyia kazi. Ukitaka kujua kama kitenzi cha Kifaransa kitahitaji "se", tafuta pacha wa kitenzi cha Kiswahili mwenye kauli ya kutendesha. Ikiwa Kifaransa kina neno moja la kawaida kwa pacha huyo, basi kitenzi cha asili huelekea kuchukua "se". Kanuni hii hufaulu vizuri zaidi katika vitenzi vya hisia: kasirisha ni "fâcher", kwa hiyo kasirika ni "se fâcher", shangaza ni "étonner", shangaa ni "s'étonner", furahisha ni "réjouir", furahi ni "se réjouir", tuliza ni "calmer", tulia ni "se calmer".

Kama ilivyo kwa kanuni yoyote ya sayansi, sharti tuitafutie mahali inaposhindwa. "Kuanguka" ni "tomber", bila ya "se". Lakini kuangusha hakuna neno lake moja la kawaida, ila "faire tomber", yaani kufanya kitu kianguke. "Kuchemka" ni "bouillir" bila ya "se", na kuchemsha ni "faire bouillir". Kwa hiyo hata hapa kanuni haikuvunjika kwa kweli: palipokosekana neno moja la kuanzia, hapakuwa na cha kupunguza. Vimebaki vichache vikaidi, kama "descendre", ambacho ni kushuka na kushusha pia, bila ya "se" popote.

Msomaji wa jarida la sayansi atavutiwa na ukweli kwamba vitabu vya fizikia na kemia vya Kifaransa vimejaa vitenzi hivi, kwa kuwa habari zake ni za vitu vinavyobadilika bila ya kumtaja anayevibadili. Chuma hutanuka kikipata joto: "le fer se dilate". Maji hugeuka mvuke: "l'eau s'évapore". Barafu huyeyuka, na chumvi nayo huyeyuka katika maji. Lakini Kifaransa hutenga mambo hayo mawili, la kwanza "la glace fond", la pili "le sel se dissout dans l'eau", na mwanafunzi asiyejua hilo atachanganya kuyeyuka kwa joto na kuyeyuka katika kiowevu. Chaji za aina moja husukumana na za aina mbili huvutana: "se repoussent", "s'attirent". Mistari sambamba haikatani: "ne se coupent pas". Katika mifano hii miwili ya mwisho neno la Kiswahili lenye -ana hueleza uhusiano wa vitu viwili kwa uwazi kuliko la Kifaransa, na hatuna haja ya kuona haya kulisema.

Vitenzi vya kujihadhari navyo

Kuna vitenzi vya Kifaransa visivyopata kuonekana bila ya "se". "S'évanouir" ni kuzimia, "se souvenir" ni kukumbuka, "s'enfuir" ni kutoroka, "se méfier" ni kujihadhari, "s'efforcer" ni kujitahidi. Hiki cha mwisho chafurahisha, kwani "jitahidi" ya Kiswahili imetoka katika Kiarabu "ijtahada", na ile "ji" iliyomo haikuwa kiambishi chetu hapo mwanzo, ijapokuwa masikio yetu yameizoea hivyo. Si kila "ji" ni -ji-. Hakuna anayedhani kwamba "kujibu" ni mtu kujifanyia "bu".

Upande wa pili, vipo vitenzi vyetu vyenye -ji- ambavyo Kifaransa hakivipi "se". Kujifunza ni "apprendre". Mwanafunzi aandikaye "je m'apprends le français" amefasiri kiambishi na kuacha maana. Kujifungua ni "accoucher", na kujiuzulu ni "démissionner". Tena ukisema "ninajiita Asha", Mswahili atashuku kwamba jina lako ni jingine, ilhali "je m'appelle Asha" ni "ninaitwa Asha" bila ya shaka lolote. Ile dhana ya mtu kujiita asichokuwa, kama vile "anajiita daktari", Mfaransa huitolea neno jingine: "il se dit médecin".

Kisha kuna vile vinavyobadili maana, na hivyo ndivyo vya hatari kwa karani wetu na kwa mtu yeyote. "Attendre" ni kungoja, "s'attendre à" ni kutarajia. "Plaindre" ni kumhurumia mtu, "se plaindre" ni kulalamika. "Passer" ni kupita, "se passer" ni kutokea, na "se passer de" ni kuishi bila ya kitu fulani. "Douter" ni kutilia shaka, bali "se douter" ni kuhisi kwamba jambo ni kweli, karibu kinyume chake. Hivi sharti vijifunzwe kimoja kimoja, kwa sentensi. Lakini vingine vinatabasamu kwa Mswahili: "entendre" ni kusikia, na "s'entendre" ni kupatana, nasi je, watu wanaopatana hatusemi kwamba wanasikilizana? "Trouver" ni kupata, na "l'école se trouve à Tabora" ni "shule inapatikana Tabora".

Habari ya "être" na kukubaliana kwa herufi

Wakati uliopita wa vitenzi hivi hutumia kitenzi kisaidizi "être", si "avoir". "J'ai lavé la voiture", nimeosha gari; "je me suis lavé", nimeoga. Kiswahili hakina cha kutusaidia hapa, na ni mazoezi tu yatakayofaa. Nilipokuwa nikisoma Ufaransa niliwasikia watoto wadogo wakisema "je m'ai fait mal", nao ni wenye lugha yao. Wazazi wao waliwasahihisha kwa upole na mazungumzo yakaendelea.

Ugumu zaidi umo katika maandishi. Kwa nini huandikwa "elles se sont vues", yenye -es mwishoni, lakini "elles se sont écrit", isiyo na kitu? Kanuni ya vitabu husema kwamba neno hilo la mwisho hukubaliana na shamirisho kipozi, yaani kile kitendwacho moja kwa moja, iwapo kimetangulia. "Se" siku zote imetangulia. Kwa hiyo swali ni moja: je, "se" hapa ni mtendwa, au ni mtendewa? Wanafunzi wengi huona swali hilo ni la giza, na hata Wafaransa wenyewe hulikosea.

Lakini Kiswahili hulijibu swali hilo kila siku, kwa kauli ya kutendea. "Wameonana": hakuna -ia, kwa hiyo "se" ni mtendwa, na tunaandika "vues". "Wameandikiana": -ia imo, "se" ni mtendewa, na tunaandika "écrit" tupu. "Wamekutana", "elles se sont rencontrées". "Wamepigiana simu", "elles se sont téléphoné". "Amejinunulia vitabu viwili", "elle s'est acheté deux livres". Kwa lugha ya Tesnière, katika "amejinunulia" Kiswahili kimeongeza mshiriki kwa -ia, kisha kimempunguza kwa -ji-, na hesabu yote inaonekana ndani ya neno moja. Na vitabu vikitangulia, "les livres qu'elle s'est achetés", neno la mwisho hugeuka nyuma na kuvifuata vitabu, kama vile -vyo- inavyovifuata katika "vitabu alivyojinunulia".

Kipimo hiki kina mipaka yake. Hakifai palipotajwa kiungo cha mwili: "elle s'est coupée", amejikata, lakini "elle s'est coupé le doigt", amejikata kidole, hapa kidole ndicho kilichokatwa, nacho kimekuja nyuma. Vitenzi "saidia" na "salimia" vina -ia ambayo kwa mazoea twaiona kuwa sehemu ya neno lenyewe, na Kifaransa huvihesabu kuwa vya moja kwa moja: "elles se sont aidées, elles se sont saluées". Kinyume chake, "wamedanganyana" na "wamefuatana" havina -ia, na hata hivyo "elles se sont menti" na "elles se sont succédé" hubaki tupu. Vile visivyopata kuachana na "se" hukubaliana na mtenda: "elle s'est évanouie". Hata humo yuko mkaidi mmoja, "s'arroger", kujitwalia haki isiyo yako, ambacho huandikwa "elle s'est arrogé des droits".

Yafaa mwalimu apime uzito wa makosa. "Lavé" na "lavée" hutamkwa sawa. "E" ile haisikiki, ijapokuwa katika maneno machache kama "assise" na "ouverte" husikika. Kanuni yenyewe ilienezwa katika karne ya 16 na mshairi Clément Marot kwa kuiga Kiitalia, na marekebisho ya tahajia ya mwaka 1990 yamekwisha kuilegeza mahali pamoja, katika "se laisser" inapofuatwa na kitenzi kingine. Sioni haki katika kumnyima alama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa herufi isiyosikika, huku aliyeandika "je vais se laver" akipewa sawa naye.

Msomaji atakaye kujipima na aziandike sentensi hizi kwa Kifaransa kabla ya kuendelea: "Wanafunzi wale wawili wa kike wameambiana ukweli." "Glasi imevunjika." "Mama amekasirika." Katika ya kwanza -ia imo, nao ukweli umekuja nyuma, kwa hiyo "les deux élèves se sont dit la vérité", bila ya -es. Ya pili ni ya kutendeka, mtenda amefutwa: "le verre s'est cassé". Ya tatu ni pacha wa kasirisha, na mama ndiye mtendwa: "maman s'est fâchée", yenye -e ambayo hakuna atakayeisikia.